Nyuso Mbili, Kishungi Kimoja

Macquarie ni kisiwa chembamba, urefu wake kilomita 34 na upana kama 5, kilichokaa peke yake katikati ya Tasmania na bara la Antaktika. Kila mwaka, kuanzia Septemba, pengwini kwa malaki hutoka baharini na kupanda miteremko ya kisiwa hicho kwenda kutaga. Kichwani wana kishungi cha manyoya ya njano na rangi ya chungwa, na uso wao ni mweupe. Hawazaliani mahali pengine popote duniani, ukiacha vijisiwa vya mawe vilivyo jirani na Macquarie yenyewe. Ukienda magharibi zaidi ya kilomita 5,000, hadi visiwa vya Heard na Kerguelen kusini mwa Bahari ya Hindi, utakuta pengwini mwenye umbo lile lile, kishungi kile kile na kalenda ya kutaga inayokaribiana. Tofauti inayoonekana haraka ni moja: huyu uso wake ni mweusi.

Kwa karibu miaka 150 wataalamu hawajakubaliana kama hawa ni ndege wa spishi mbili au spishi moja yenye nyuso mbili. Ni swali linaloonekana la watu wenye muda wa kupoteza. Lakini ukilifuata hadi mwisho linakufikisha mahali ambapo macho hayana jibu: ni kitu gani hasa kinachowatenga viumbe wa baharini ambao kati yao hakuna mlima, jangwa wala ukuta?

Tuanze na majina, maana yanachanganya. Mwenye uso mweusi huitwa pengwini makaroni. Jina hilo walimpa Waingereza kutokana na karne ya 18, enzi ambayo vijana wa London waliorudi kutoka Italia na mitindo ya kupindukia, mawigi marefu na mapambo ya kofia, walikuwa wakiitwa makaroni kwa kejeli. Ndege mwenye manyoya ya njano yanayoning'inia nyuma ya macho alifanana nao vya kutosha. Johann Friedrich von Brandt alimwandika rasmi kwa sayansi mwaka 1837, na leo jina lake la kisayansi ni Eudyptes chrysolophus. Mwenye uso mweupe, pengwini wa kifalme, aliandikwa na Otto Finsch mwaka 1876, akaitwa Eudyptes schlegeli kwa heshima ya Hermann Schlegel, mtaalamu wa wanyama wa jumba la makumbusho la Leiden. Asichanganywe na pengwini mfalme, ndege mkubwa zaidi asiye na kishungi, ambaye naye anaishi Macquarie na atatajwa tena hapa chini kwa sababu ya kusikitisha.

Jenasi ya Eudyptes ndiyo jamii ya pengwini wenye vishungi. Wako wa New Zealand na visiwa vyake, wako warukamawe, yaani wale wadogo wanaoruka kwa miguu yote miwili kutoka jiwe hadi jiwe, na wako hawa wawili wetu. Makaroni na mwenzake wa Macquarie hutambulikana kati ya ndugu zao kwa jambo moja: manyoya ya kishungi chao huanzia katikati ya paji la uso, ya kushoto na ya kulia yakikutana hapo, kisha hulala nyuma kuelekea kisogoni. Kwa warukamawe kishungi ni mstari mwembamba juu ya kila jicho, na mistari hiyo haikutani. Kwa hiyo kuhusu kishungi hakuna ubishi. Hawa wawili wako upande mmoja, na wengine wote upande mwingine.

Kwa umbo wanapishana kidogo sana. Wote wana kimo cha sentimita 70 hivi na uzito ambao kwa wastani ni kilo 5 au zaidi kidogo, ukipanda na kushuka sana kulingana na msimu, kwa kuwa ndege anayejiandaa kubadili manyoya hunenepa na anayemaliza hukonda. Yule wa Macquarie huelekea kuwa mkubwa kidogo na mdomo wake kuwa mnene zaidi. Lakini katika ndege hawa dume ana mdomo mkubwa kuliko jike, na tofauti hiyo ya dume na jike ndani ya koloni moja inaweza kufunika tofauti ya kisiwa na kisiwa. Ukiletewa fuvu lisilo na manyoya, utasita.

Basi kesi yote inabaki kwenye rangi ya uso, na hapo ndipo inapoanza kulegea. Mwaka 1975 mtafiti P. D. Shaughnessy alichapisha uchunguzi wake kuhusu rangi ya nyuso za pengwini wa Macquarie. Alionyesha kwamba hazilingani: wako weupe kabisa, wako wa kijivu, na wako wenye nyuso zilizokolea giza. Upande wa pili nako, kwenye makoloni ya makaroni ya Kerguelen, Heard na Marion, wameonekana ndege wenye mashavu meupe wakiwa katikati ya wenzao weusi. Je, hao ni wageni waliopotea njia kutoka Macquarie, au ni wenyeji waliozaliwa hivyo? Kwa kumtazama tu huwezi kujua. Ninachokiona mimi ni kwamba alama inayotumika kutenganisha spishi mbili inapopatikana pande zote mbili, hata kama ni kwa uchache, imeshapungukiwa na kazi yake. Inabaki kuwa kielelezo cha wengi wakoje, wala haiwezi tena kukupa mpaka.

Anayetetea spishi mbili atasema: sawa, rangi si kila kitu, tuangalie maisha yao. Tuyaangalie, basi. Wote hurudi nchi kavu Septemba na Oktoba, madume wakitangulia. Wote hutaga mayai mawili Oktoba au Novemba, wakapokezana kuatamia kwa siku 35 hivi. Kinda akianguliwa, dume hubaki naye wiki tatu hivi bila kula huku jike akienda baharini na kurudi na chakula. Baadaye makinda hukusanyika vikundi vikundi na wazazi wote wawili huenda kuvua. Ikifika Februari kinda huingia majini, wazazi hunenepa haraka, hurudi kubadili manyoya kwa wiki kadhaa za njaa, kisha wote hutoweka baharini hadi msimu ujao. Ungeweza kusoma maelezo ya mmoja ukadhani ni ya mwingine.

Katika maisha hayo kuna jambo moja la ajabu ambalo halina budi kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ni fumbo kubwa kuliko hata hili la majina. Mayai yale mawili hayalingani. La kwanza ni dogo, na kwa makaroni lina kiasi cha asilimia 60 tu ya uzito wa la pili. La pili hutagwa siku nne hivi baadaye, na ndilo linalotoa kinda. La kwanza karibu kila mara hupotea. Kwa ndege wengi duniani mambo huenda kinyume: yai la kwanza ndilo lenye bahati, na la mwisho ndilo la akiba. Pengwini wenye vishungi wamegeuza utaratibu juu chini, na hakuna ndege wengine wanaojulikana kuwa na pengo kubwa namna hii kati ya mayai ya kiota kimoja.

Huko Macquarie mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikaa kando ya viota kuona yai la kwanza linaendaje. Walikuta kwamba mara nyingi halipotei kwa ajali. Jike mwenyewe hulisukuma nje ya kiota, ama muda mfupi kabla ya kutaga la pili au mara tu baada yake. Maelezo yao yalichapishwa mwaka 1995 chini ya kichwa kilichouliza kama hao ni mama wasiofaa. Nadhani kichwa kile kiliwaonea. Ndege anayeweza kulisha kinda mmoja tu akabaki na mayai mawili ana hatari ya kupoteza yote mawili. Swali gumu ni kwa nini atage la kwanza kabisa.

Jibu bora lililopatikana hadi sasa lilitoka kwa makaroni wa South Georgia, kisiwa cha kusini mwa Atlantiki. Mwaka 2010 Glenn Crossin na wenzake walionyesha kwamba yai la kwanza huanza kutengenezwa jike akiwa bado safarini baharini, mwili wake ukiwa katika hali ya kuogelea na kuokoa nguvu. Majike waliotaga mapema baada ya kufika nchi kavu ndio waliokuwa na yai la kwanza dogo zaidi ukilinganisha na la pili. Waliokaa siku nyingi zaidi kisiwani kabla ya kutaga, mayai yao yalikaribiana. Kwa maneno mengine, mwili unatakiwa kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kusafiri na kuzaa, na yai la kwanza ndilo linalolipa gharama. Kwa mjadala wetu, la kuzingatia ni kwamba ndege wote wawili wanabeba mzigo huu kwa namna moja. Kwa warukamawe pengo la mayai ni dogo zaidi, na wapo wanaofika hadi kuangua yote mawili. Mpaka wa tabia unapita tena kati ya jozi yetu na wengine, haupiti ndani ya jozi.

Chakula kinaonekana kuwatofautisha, ila usidanganyike haraka. Makaroni wa South Georgia huishi kwa krili, wale jamii ya kamba wadogo wanaojaa kwenye maji baridi ya Bahari ya Kusini. Pengwini wa Macquarie hula zaidi samaki wadogo wenye viungo vinavyotoa mwanga, pamoja na aina nyingine za krili. Lakini makaroni wa visiwa vya Bahari ya Hindi nao hula samaki hao kwa wingi wanapopatikana. Kila koloni linakula kilichopo mbele ya mlango wake. Ukihesabu mlo kuwa alama ya spishi, utalazimika kumgawa makaroni mwenyewe vipande vitatu au vinne.

Tukiachana na macho na kuuliza jeni, hali inakuwa wazi zaidi, ingawa haiishi ubishi. Mwaka 2019 María José Frugone na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha maelfu ya nukta za tofauti kwenye jenomu za makaroni kutoka visiwa mbalimbali na za pengwini wa Macquarie. Kama wangekuwa spishi mbili zilizotengana zamani, ndege wa Macquarie wangetoka wakiwa kundi lao peke yao na makaroni wote wakiwa kundi lingine. Haikuwa hivyo. Ndege wa Macquarie walielekea kukaa pamoja na makaroni wa Kerguelen, na tofauti kati ya makoloni zilikua hatua kwa hatua kadiri umbali ulivyoongezeka. Yaani yule wa Macquarie ni karibu zaidi na jirani yake mweusi wa Kerguelen kuliko jirani huyo alivyo karibu na makaroni wenziwe walio mbali kwenye Atlantiki. Watafiti walihitimisha kwamba kwa upande wa jeni wote ni kundi moja la mageuko.

Ramani ya bahari inalieleza jambo hilo vizuri. Kuizunguka Antaktika kuna mkondo mkubwa wa maji unaokwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki bila kuzuiwa na bara lolote, na upepo unaelekea huko huko. Kerguelen na Heard ziko juu ya njia hiyo, Macquarie iko mbele yake. Makaroni wa Kerguelen waliofungwa vifaa vya kurekodi mahali walipo, katika utafiti wa Charles-André Bost na wenzake uliotoka mwaka 2009, walisafiri zaidi ya kilomita 10,000 katika miezi 6 ya majira ya baridi, wakikaa zaidi mashariki ya kisiwa chao. Bahari hii ni ile ile inayopiga kuta za Kilwa na Mombasa, ila huko chini kusini maji yake ni ya nyuzijoto chache tu. Kwa ndege wa namna hiyo, kilomita 5,000 si umbali wa kutisha. Akitokea kila baada ya vizazi vichache mmoja wa kupotelea mashariki na kupata mwenzi, jeni zitaendelea kuchanganyika.

Umri wa kisiwa nao una neno. Macquarie ni kipande cha sakafu ya bahari kilichoinuliwa na kusukumana kwa magamba ya dunia, hata miamba ya kina cha kilomita 6 chini ya sakafu hiyo imetokeza juu. Ndiyo sababu moja ya UNESCO kukiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Kilijitokeza juu ya maji takriban miaka 600,000 hadi 700,000 iliyopita. Kabla ya hapo hapakuwa na mahali pa kutagia, kwa hiyo pengwini wa Macquarie kama wakazi wa kisiwa hawawezi kuwa wa zamani kuliko huo muda. Katika mwaka huo huo wa 2019 Theresa Cole na wenzake, wakitumia DNA ya mitokondria, walitoa hoja kwamba kuzaliwa kwa visiwa vipya ndiko kulikozalisha spishi nyingi za pengwini: kisiwa kinatokeza, ndege wachache wanahamia, wanakaa peke yao, wanakuwa wengine. Ukiisoma hoja hii pamoja na ile ya Frugone unapata picha ninayoiamini mimi. Macquarie ni mfano wa jambo hilo likiwa bado linatendeka. Uso umeshabadilika, sehemu kubwa ya jeni bado.

Kinachonisadikisha zaidi ni kesi ya pili, ya warukamawe, ambayo ni kinyume kabisa cha hii. Kwa muda mrefu warukamawe wote walihesabiwa spishi moja. Wale wa kaskazini, wanaozaliana Tristan da Cunha na Gough kwenye Atlantiki na visiwa vya Amsterdam na St Paul kwenye Bahari ya Hindi, wana vishungi virefu na vizito zaidi kuliko wale wa kusini wa Falkland, Crozet na Kerguelen. Lakini mtu asiye na mazoea angewaona ni wale wale. Mwaka 2006 timu ya Pierre Jouventin ilionyesha kwamba milio yao ya kuitana wenzi ni tofauti, vishungi ni tofauti, na DNA yao imetengana kwa kina. Siku hizi orodha nyingi za ndege zinawahesabu kuwa spishi mbili.

Sasa linganisha umbali. Kutoka Amsterdam hadi Kerguelen ni kilomita 1,400 hivi, chini ya theluthi ya safari ya kutoka Heard hadi Macquarie. Ndege wa aina moja, wanaoogelea kwa uwezo mmoja, wametengana kwenye umbali mfupi, na wengine wamebaki wamoja kwenye umbali mrefu. Sababu haiko kwenye kilomita. Kati ya Amsterdam na Kerguelen unapita mpaka wa maji ambapo bahari ya vuguvugu ya kaskazini inakutana na bahari ya baridi ya kusini, na joto linabadilika ghafla kwenye eneo dogo. Chakula cha upande mmoja si cha upande wa pili, na majira hayalingani. Warukamawe wa Amsterdam hutaga kama miezi miwili kabla ya wale wa Kerguelen. Hata akivuka mmoja, na wameonekana wa kaskazini waliofika Kerguelen, atakuta wenyeji bado hawajawa tayari, au yeye mwenyewe msimu wake umeshapita. Makaroni na mwenzake hawana mpaka kama huo. Wote ni wa maji baridi, wote wanataga Oktoba au Novemba, na mgeni akifika anafika kwa wakati.

Kwa hiyo pengwini waliofanana walikuwa wametengana, na waliotofautiana usoni wameunganika. Wasomaji wa Afrika Mashariki wameshaliona jambo la jinsi hii kwa twiga. Kwa miaka mingi twiga wote wa Afrika walihesabiwa spishi moja, ingawa kila mwongoza watalii anajua kumtenganisha twiga wa Kimasai na yule wa kaskazini mwa Kenya mwenye mabaka yaliyokatwa kwa mistari myeupe iliyonyooka. Mwaka 2016 uchunguzi wa jeni ulipendekeza spishi nne, na mwaka 2025 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, ukazikubali. Kwa twiga jicho la mwongoza watalii lilikuwa sahihi. Kwa pengwini wa Macquarie, nadhani jicho limetangulia mbele ya mambo.

Waorodheshaji wa ndege, kwa sasa, wamegawanyika. Les Christidis na Walter Boles, katika kitabu chao cha mwaka 2008 cha kupanga ndege wa Australia, walimweka pengwini wa kifalme kuwa nususpishi ya makaroni. BirdLife International wameendelea kumhesabu spishi kamili. Kila upande una hoja. Anayeshika kanuni ya kwamba spishi ni kundi linalozaana lenyewe kwa lenyewe atawaunganisha. Anayesema spishi ni kundi linaloweza kutambulikana kwa alama ya kudumu atawatenga, ila atalazimika kuwaeleza wale wa kijivu walio katikati. Hata kanuni ya kwanza inanipa shida, kwa kuwa makaroni na warukamawe wenyewe, ambao hakuna anayedai ni kitu kimoja, wamewahi kuonekana wakioana. Ukitaka mstari usio na doa katika jenasi hii, hutaupata.

Je, jina lina athari gani? Hapa mambo yanatoka maabara na kuingia kwenye sheria na bajeti. Makaroni ni pengwini wengi kuliko wote duniani. Makadirio ya mwaka 2013 yaliwapa jozi milioni 6.3. Hata hivyo IUCN wamewaweka kwenye kundi la walio hatarini kudhurika, kwa sababu wamepungua sana, hasa South Georgia, ambako walikadiriwa kuwa zaidi ya jozi milioni 5 mwishoni mwa miaka ya 1970 na miongo mitatu baadaye wakawa karibu milioni 1. Ushindani wa kugombea krili na sili wa manyoya, ambao wenyewe waliongezeka sana baada ya kuacha kuwindwa, ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Wa Macquarie, kwa makadirio ya miaka ya 1980, walikuwa jozi 850,000, na sehemu kubwa yao ilikuwa kwenye koloni moja la Hurd Point, kusini kabisa mwa kisiwa.

Ukimwita nususpishi, wa Macquarie anakuwa tone kwenye bahari ya mamilioni. Ukimwita spishi, anakuwa ndege wa pekee mwenye nyumba moja. Historia inaonyesha nyumba moja maana yake nini. Mwishoni mwa karne ya 19 Joseph Hatch, mfanyabiashara wa Invercargill huko New Zealand aliyewahi kuwa meya na mbunge, alipeleka Macquarie mitungi mikubwa ya mvuke ya kukamua mafuta. Alianza na pengwini mfalme, kisha, idadi yao ilipoanguka, akahamia kwa hawa wenye vishungi. Kila ndege alitoa kama nusu lita ya mafuta. Wakati wa kilele waliokuwa wakiingizwa kwenye mitungi, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, walifika 150,000 kwa mwaka. Hatch alishikilia kwamba uvunaji wake haupunguzi kitu. Douglas Mawson, mpelelezi wa Antaktika, alipiga kampeni dhidi yake, leseni ikakoma baada ya 1919, na mwaka 1933 kisiwa kikatangazwa hifadhi. Mitungi yenyewe bado iko pale, imeliwa na kutu, na pengwini wanapita kando yake.

Ndege waliokolewa wakati huo bila mtu yeyote kujua jeni zao. Kilichowaokoa ni kuonekana kwamba wako kisiwa kimoja na wanamalizwa. Vivyo hivyo kazi ya kuwaondoa paka, ambao walimalizwa mwaka 2000, kisha sungura, panya na vipanya, hadi kisiwa kilipotangazwa safi mwaka 2014, haikufanywa kwa ajili ya jina la Finsch. Sungura walikuwa wameila mimea iliyoshika udongo wa miteremko, na mwaka 2006 poromoko la ardhi liliwafukia pengwini kwenye koloni lao. Na mwaka 2023 Australia ilipopanua eneo la bahari linalolindwa kuzunguka Macquarie hadi mara tatu ya awali, ilihesabu viumbe wengi kwa pamoja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba hawa ni spishi moja, na jina la schlegeli libaki kama la nususpishi. Nasema hivyo nikijua hofu ya wahifadhi, kwamba kumshusha daraja ni kumnyima kinga. Hofu hiyo ina mantiki pale sheria inapotambua spishi tu. Lakini Australia ndiyo inayomiliki Macquarie, na ndiyo inayomiliki pia Heard na McDonald, waliko makaroni. Nchi moja inawalinda wenye nyuso zote mbili, na inaweza kulinda kundi la kisiwa kama kundi la kisiwa.

Hatari iliyo karibu sasa haiulizi uso. Mwaka 2023 homa ya ndege ya H5N1 ilifika South Georgia, na mwishoni mwa mwaka uliofuata ilithibitishwa Crozet na Kerguelen. Crozet na Kerguelen ndiko wanakoishi makaroni wengi wa Bahari ya Hindi, na njia ile ile ya upepo na mkondo inayowaunganisha na Macquarie ndiyo ambayo ndege wengine wa baharini, wanaoruka na kusafiri haraka zaidi, huifuata. Kundi la makaroni likipigwa kisiwa kimoja, liko la kujazia kwingine. Koloni la Macquarie likipigwa, wa kujazia ni makaroni wa Kerguelen peke yao, na watakaozaliwa baada ya hapo huenda wakawa na nyuso nyeusi.

Liko jambo moja ambalo lingenifanya nibadili kauli. Mtu akikaa Macquarie msimu baada ya msimu na kuhesabu nani anamchagua nani, akakuta kwamba wenye nyuso nyeupe wanawakataa wenye giza hata wanapokuwa kiota kwa kiota, basi uso utakuwa umeanza kufanya kazi ya ukuta, na jeni zitafuata nyuma baada ya muda. Ndege wa kijivu wa Shaughnessy wangekuwa mahali pazuri pa kuanzia hesabu hiyo: wanapata wenzi kwa kasi sawa na wengine, au wanabaki wamesimama pembeni ya koloni?